Saratani ya matiti: Kisu, mionzi na umbali wa Hulugho

Katika vitabu vya tiba, daktari wa upasuaji anayekabiliwa na saratani ya titi huanza kwa kuuliza uvimbe una ukubwa gani, umekaa wapi, na kama umekwisha kufika kwenye tezi za kwapani. Kwa mwanamke wa Hulugho, kusini mashariki mwa Kaunti ya Garissa karibu na mpaka wa Somalia, liko swali jingine ambalo vitabu hivyo havilipi nafasi kubwa: mashine ya mionzi iko umbali gani, na mgonjwa ataweza kukaa karibu nayo kwa majuma mangapi? Jibu la swali hilo huweza kuamua, sawa na ukubwa wa uvimbe wenyewe, iwapo titi litaokolewa au litakatwa lote.

Swali hilo hilo linamhusu mwanamke ambaye matiti yake yamewekwa mifuko ya silikoni. Wanawake wa aina hiyo ni nadra kaskazini mashariki ya Kenya. Hata hivyo jamii ya Wasomali imetawanyika Nairobi, nchi za Ghuba, Ulaya na Amerika Kaskazini, na watu hurudi nyumbani na miili iliyokwisha kupita mikononi mwa madaktari wa huko. Kwa hawa pia, fundo la mambo ni mionzi.

Hulugho ni mojawapo ya wadi nne za eneo bunge la Ijara, pamoja na Masalani, Sangailu na Ijara yenyewe. Wakazi wake wengi ni wafugaji wa Kisomali, na upande wa msitu wanaishi Waboni, ambao wenyewe hujiita Aweer. Kutoka hapo hadi mjini Garissa ni zaidi ya kilomita 150 hata ukipima kwa mstari ulionyooka, na barabara hainyooki. Udongo wa Ijara ni ule mweusi unaonata. Mvua za Gu zinaponyesha kuanzia Aprili, na zile za Deyr kuanzia Oktoba, magari hukwama kwa siku kadhaa. Juu ya hayo kuna tishio la mabomu yanayotegwa barabarani, hasa upande wa msitu wa Boni. Kutoka Garissa hadi Nairobi ni kilomita 370 hivi, lakini hiyo ni lami.

Ugonjwa na ujio wake

Saratani ya matiti, ambayo kwa Kisomali huitwa kansarka naasaha, ndiyo inayoongoza nchini Kenya kwa idadi ya wagonjwa wapya. Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kwa mwaka 2020 yalikuwa wagonjwa wapya wapatao 6,800 na vifo zaidi ya 3,000. Wagonjwa wa Kenya huwa na umri mdogo kuliko wenzao wa Ulaya, kwa takriban miaka kumi, na wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Uvimbe ambao ungeondolewa ukiwa kama punje ya mahindi huja ukiwa kama yai, pengine ngozi imekwisha kupasuka.

Sababu za kuchelewa ni nyingi na si haki kuzibebesha ujinga peke yake. Uvimbe wa saratani mwanzoni hauumi, na mama mwenye watoto na mifugo haachi boma kwa sababu ya kitu kisichouma. Wahudumu wa kike ni wachache, na kuvua nguo mbele ya daktari mwanamume ni jambo zito. Iko pia tiba ya moto. Wafugaji wa Kisomali wana msemo kwamba moto na ugonjwa havikai mahali pamoja, na kuchoma sehemu yenye maradhi kwa ukuti au chuma chenye moto ni utaratibu wa kale. Kwa uvimbe wa titi, kuchoma hakuufikii mzizi. Huacha kidonda na kovu ambavyo baadaye humtatiza daktari anayetafuta ngozi safi ya kufungia jeraha la upasuaji.

Kuna na hofu nyingine, ambayo haiko Hulugho tu bali hata miongoni mwa wasomi wa Nairobi: kwamba chuma kikigusa saratani huiamsha na kuitawanya. Ukweli ni kwamba kuchukua kipande kidogo cha nyama kwa sindano nene, yaani biopsi, hakumfupishii mgonjwa maisha, na bila kipande hicho matibabu ni ya kubahatisha. Maabara ndiyo husema kama uvimbe ni saratani, kama unalishwa na homoni ya estrojeni, na kama una protini ya HER2. Kipande hicho lazima kitiwe mara moja katika dawa ya formalini. Kikiachwa kikauke katika joto la Garissa, majibu yake hayatakuwa ya kutegemewa na safari yote imekwenda bure.

Kutoka kukata yote hadi kuokoa titi

Mwishoni mwa karne ya 19, daktari William Halsted wa Baltimore, Marekani, alieneza upasuaji ulioondoa titi zima, misuli ya kifua iliyo chini yake na tezi zote za kwapa. Wanawake walibaki na kifua cha mbavu tupu na mikono iliyovimba, na kwa takriban miaka 80 iliaminika kuwa hiyo ndiyo bei ya kupona. Majaribio mawili makubwa yaliivunja imani hiyo. Moja liliongozwa na Umberto Veronesi mjini Milan kuanzia 1973. La pili, la Bernard Fisher na wenzake huko Amerika Kaskazini, lilianza 1976 na kuwahusisha wanawake 1,851. Matokeo ya miaka 20 ya majaribio yote mawili yalichapishwa 2002: waliotolewa uvimbe peke yake pamoja na ukingo wa nyama nzima waliishi muda sawa na waliokatwa titi lote.

Lakini ndani ya matokeo ya Fisher mna takwimu ambayo kila daktari anayemhudumia mgonjwa wa mbali anapaswa kuiweka mbele yake. Miongoni mwa waliotolewa uvimbe kisha wakapigwa mionzi, saratani ilirudi katika titi lile lile kwa asilimia 14.3. Miongoni mwa wasiopigwa mionzi, ilirudi kwa asilimia 39.2. Kwa hiyo kuokoa titi si upasuaji peke yake; ni upasuaji pamoja na mionzi, na ukiondoa kimoja umeharibu kingine. Daktari anayemwachia mgonjwa titi lake huku akijua kwamba hatarudi kwa mionzi amempa hatari ya karibu wawili kwa watano ya kuuona ugonjwa tena.

Hesabu ya majuma imebadilika, na kwa watu wa mbali hii ni habari kubwa kuliko dawa nyingi mpya. Zamani mionzi ya titi ilitolewa mara 25, siku tano kwa juma kwa majuma matano. Majaribio ya Uingereza yaliyojulikana kama START, ambayo matokeo yake ya kwanza yalitolewa 2008, yalionyesha kwamba mara 15 kwa majuma matatu zinatosha. Mwaka 2020 jaribio jingine la Uingereza, FAST-Forward, lilionyesha kwamba kwa wagonjwa wengi dozi tano katika juma moja huleta matokeo yasiyo duni kwa miaka mitano ya kwanza. Juma moja mjini si sawa na majuma matano. Mama aweza kumwachia dada yake mbuzi na watoto kwa juma moja.

Mashine nazo zimesogea. Kwa miongo mingi, mgonjwa asiyeweza kulipa hospitali ya kibinafsi alikuwa na mlango mmoja tu, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, na foleni yake ilihesabiwa kwa miezi. Baadaye serikali ya kitaifa iliuchagua mji wa Garissa, pamoja na Mombasa na Nakuru, kuwa na vituo vya kikanda vya saratani vyenye tiba ya mionzi. Kituo cha Garissa kimewekwa kwenye hospitali ya rufaa ya kaunti, ile iliyokuwa hospitali kuu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki kabla ya ugatuzi wa 2013. Kwa mwanamke wa Hulugho, safari ya tiba imepunguzwa zaidi ya nusu. Palipo na mashine, hata hivyo, pahitaji pia wataalamu wa kuiendesha, na eneo hili limewahi kuachwa tupu: mashambulizi ya 2014 na 2015, likiwemo la Aprili 2, 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, yaliwafanya wahudumu wengi wa afya waliotoka sehemu nyingine za nchi kuhama.

Titi likikatwa lote

Kwa sababu hizo zote, upasuaji ambao mgonjwa wa mbali hupewa mara nyingi ni kukatwa titi zima, bila kugusa misuli ya kifua. Hufanywa chini ya dawa ya usingizi. Daktari hukata ngozi kwa umbo la jicho kuzunguka chuchu, huondoa titi kutoka juu ya misuli, kisha huingia kwapani kutoa tezi. Mrija wa mpira huachwa kutoa maji yanayojikusanya chini ya ngozi, na hubaki hapo kwa siku kadhaa, pengine hata majuma mawili. Mgonjwa aweza kutoka hospitalini baada ya siku mbili au tatu, lakini si kurudi malishoni na mrija ubavuni. Palipo na rangi ya buluu ya kutambulisha tezi za kwanza, na kwapa likiwa halina uvimbe, daktari aweza kuzitoa hizo chache na kuziacha nyingine, jambo ambalo hupunguza sana madhara ya mkono.

Mkono ndio jambo ambalo wagonjwa hawaelezwi vya kutosha. Tezi za kwapa zikiondolewa, maji ya mwili hukosa njia na mkono huweza kuvimba, mwaka huo huo au miaka kadhaa baadaye. Kwa miaka mingi wanawake waliambiwa wasiinue kitu kizito maisha yao yote. Amri hiyo haitekelezeki kwa mtu anayechota maji kwa jerikeni ya lita 20. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2009 uliwapunguzia woga: wanawake wenye mkono uliovimba walioinua uzito kidogo kidogo, wakiongeza taratibu na kwa kusimamiwa, hawakuzidi kuvimba. Cha kuepuka zaidi ni majeraha ya miiba, kuungua na vidonda vichafu, maana mkono ule hushindwa kupambana na vijidudu. Mazoezi ya bega yaanze mapema. Bega lililoganda ni ulemavu ambao ungeweza kuzuiwa.

Hapa ndipo hesabu ya umbali inapoweza kudanganya. Wengi hudhani titi likishakatwa mionzi haihitajiki tena. Sivyo. Uvimbe ukiwa umezidi sentimita tano, au ugonjwa ukiwa umekwisha kuingia katika tezi nne au zaidi, mionzi ya kifua hushauriwa hata baada ya kukata titi lote. Na kwa kuwa wagonjwa wa Kaskazini Mashariki hufika wakiwa wamechelewa, wengi wao wamo katika kundi hilo. Uvimbe mkubwa kadhalika huhitaji tibakemikali kwanza ili usinyae kabla ya kisu. Ikiwa saratani inalishwa na homoni, mgonjwa humeza kidonge cha tamoksifeni kila siku kwa miaka mitano hadi kumi, dawa ya bei nafuu isiyohitaji mashine wala daktari bingwa, ila kutokatika kwa ugavi.

Wenye mifuko ya silikoni

Neno kipandikizi huleta utata katika zahanati zetu, kwa kuwa wengi hulijua kwa vijiti vya kupanga uzazi vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono. Vya matiti ni vitu tofauti kabisa: mifuko ya silikoni iliyojazwa ute wa silikoni au maji ya chumvi. Ya kwanza ya silikoni iliwekwa 1962 mjini Houston, Marekani, na madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow. Mifuko hukaa nyuma ya tezi ya maziwa au nyuma ya msuli wa kifua, na mahali ilipo huamua mengi yanayofuata.

Mifuko hiyo haionekani kuongeza saratani ya kawaida ya titi. Tafiti za miaka mingi hazikuona ongezeko hilo. Iko saratani nyingine adimu, ya seli za kinga ya mwili, inayoota katika utando unaoizunguka mifuko, hasa yenye ngozi ya kukwaruza. Shirika la Afya Duniani liliitambua rasmi 2016, na mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliiondoa sokoni mifuko yake ya aina hiyo duniani kote. Dalili yake ya kawaida ni titi kujaa maji ghafla miaka kadhaa baada ya upasuaji, na aghalabu tiba yake ni kuondoa mfuko pamoja na utando wote.

Tatizo la kwanza la saratani ya kawaida kwa mwanamke mwenye mifuko ni kuonekana. Silikoni huziba sehemu ya titi katika picha ya mamografia. Fundi wa picha lazima aambiwe mapema, apate kuusukuma mfuko nyuma kuelekea kifuani na kulivuta titi mbele, kisha achukue picha za ziada. Sindano ya biopsi nayo iongozwe na ultrasaundi, isije ikautoboa mfuko. Upo mtego mwingine: mfuko uliopasuka huvujisha silikoni hadi kwenye tezi za kwapani, nazo huvimba mithili ya tezi zilizoingiwa na saratani. Bila kipimo cha maabara mwanamke aweza kuambiwa ugonjwa umesambaa ilhali haujasambaa. Kashfa ya kampuni ya PIP ya Ufaransa, iliyofichuka 2010, ilihusu mifuko iliyojazwa silikoni ya viwandani isiyokusudiwa mwili wa binadamu, na iliuzwa katika nchi nyingi. Aliyewekewa mifuko nje ya nchi miaka ile anafanya vyema kuitafuta kadi aliyopewa na hospitali yake.

Upasuaji wenyewe huwezekana kwa njia kadhaa. Uvimbe ukiwa mdogo, waweza kutolewa na mfuko ukaachwa mahali pake, kisha titi likapigwa mionzi. Mwili huuzungushia kila mfuko utando wa kovu, na mionzi huufanya utando huo kuwa mnene na kuubana mfuko hadi titi liwe gumu, lipinde na kuuma. Hutokea kwa wengi kiasi kwamba baadhi ya wanaookolewa titi hurudi chumba cha upasuaji baadaye kuondolewa mfuko. Njia ya pili ni kuondoa mifuko na uvimbe kwa pamoja, kisha mionzi. Ni njia salama, ila wengi waliojiongezea matiti walikuwa na nyama kidogo tangu mwanzo, na kitakachobaki chaweza kuwa kidogo mno kiasi cha kutostahili jina la kuokoa titi. Ya tatu ni kukata titi lote pamoja na mfuko, na kama mgonjwa anataka, kulijenga upya kwa msuli wa mgongo au nyama ya tumbo, ambazo huvumilia mionzi kuliko silikoni. Upasuaji wa namna hiyo huchukua saa nyingi na hufanywa katika hospitali chache, nyingi zikiwa Nairobi.

Kwa mwanamke anayeishi mbali, kuachiwa mfuko ndani ya titi lililopigwa mionzi ni kujifunga na hospitali kwa maisha yote. Mifuko haikukusudiwa kudumu milele hata kwa mtu mzima wa afya. Likianza kuwa gumu, au ngozi ikichanika juu ya mfuko na vijidudu kuingia, anayehitajika ni daktari bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, wala si mhudumu wa zahanati. Kwa hiyo, ingawa kitabu kinaruhusu kuuacha, kwa mkazi wa Hulugho kuna sababu nzito za kuuondoa.

Dini huulizwa pia, na haina budi kujibiwa kwa kuwa wakazi karibu wote ni Waislamu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu, lilijadili upasuaji wa maumbile katika kikao chake cha Putrajaya, Malaysia, 2007. Lilikataza ule wa kubadili umbo kwa kufuata matamanio, lakini likaruhusu kurudisha umbo lililoharibiwa na ugonjwa, likiwemo titi lililokatwa. Wasiotaka kisu kingine hutumia titi bandia la nje, la silikoni au la kitambaa kilichoshonwa na kujazwa pamba, ndani ya sidiria.

Anayetia saini

Sheria ya Afya ya 2017 inampa mgonjwa mtu mzima haki ya kuelezwa matibabu yake na kuyakubali au kuyakataa mwenyewe. Hakuna kifungu kinachomtaka mwanamke alete idhini ya mume au ya wazee wa ukoo ili afanyiwe upasuaji wa titi. Mambo mashinani hayaendi hivyo: mume husubiriwa arudi kutoka malishoni, shemeji hupigiwa simu Nairobi, mjadala huchukua miezi. Si kila mara ni ukatili. Anayeuza ng'ombe ili kulipia safari hupenda naye asikilizwe. Lakini uvimbe hausubiri kikao.

Kuhusu fedha, bima ya NHIF ilikoma na nafasi yake kuchukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, Oktoba 1, 2024. Katika viwango vilivyotangazwa mwaka huo, familia ilitengewa Sh400,000 kwa mwaka kwa matibabu ya saratani, na Sh150,000 zaidi kutoka hazina ya magonjwa sugu pindi zile za kwanza zikiisha. Asiyejisajili hana haki ya fedha hizo, kwa hivyo usajili hutangulia safari. Nauli, chakula na malazi ya anayemsindikiza mgonjwa hubaki mzigo wa familia, na kwa wengi ndio uliowarudisha nyumbani tiba ikiwa nusu.

Baada ya upasuaji, mgonjwa hutakiwa kuonwa na daktari kila baada ya miezi mitatu hadi sita katika miaka mitatu ya kwanza, kisha kwa nafasi zaidi, pamoja na mamografia ya titi lililobaki kila mwaka. Tarehe hizo hupangwa mjini Garissa kwa kalenda ya hospitali. Karani akiulizwa, aweza kuzisogeza zisiangukie Aprili, Mei wala Novemba, miezi ambayo barabara ya Hulugho hufungwa na matope.